Maji ya Ngama na Madirisha ya Chombo

Mwalimu yeyote wa Kiswahili afundishaye mbali na bahari amekwisha kukutana na methali isemayo: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huisoma darasani, akaieleza kwamba mtu hata atangetange vipi mwishowe hurudi kwao, na wanafunzi huyaandika maelezo hayo bila ya kuuliza neno. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha karibu na Entebbe, mwanafunzi aliuliza. Alitaka kujua ngama ni nini hasa, na kwa nini mtu arudi huko. Nilimjibu kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, yanapokusanyika maji. Jibu lilikuwa sahihi kama kamusi ilivyo sahihi, lakini moyoni nilijua kwamba sijapata kuiona ngama kwa macho yangu, wala sikujua kuwa neno hilo lina harufu.

Niliijua harufu hiyo baadaye, kwa sababu ya madirisha.

Pwani ya ziwa, mwendo mfupi kutoka shuleni petu, aliishi mgeni mmoja kutoka Ulaya, mzee mstaafu, mwenye mashua ya matanga iliyoundwa katika miaka ya 1970 kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Urefu wake ulikuwa futi 28. Ilikuwa na chumba kidogo chenye vitanda vinne na meza, na madirisha matatu kila upande. Mvua ikinyesha madirisha yale yalivuja. Magodoro yaliota ukungu, ramani ziligandamana, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuyapaka gundi ya silikoni mara nyingi hata pembezoni mwa vioo palikuwa na matuta meupe, mfano wa nta ya mshumaa uliochuruzika. Mwishowe akaletewa fundi wa mashua, mzee mzaliwa wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, ambaye kazi ya mashua za wavuvi ilikuwa imemfikisha Uganda. Fundi hakujua Kiingereza, na Bwana hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Nikaitwa kuwa mkalimani.

Fundi hakuyatazama madirisha kwanza. Aliinua ubao wa sakafu, akaingiza mkono chini, akachota maji kwa kiganja na kuyanusa.

"Mwalimu," akaniambia, "mwambie Bwana maji haya yamepita ndani ya mti. Yananuka mti uliooza."

Nilipofasiri maneno hayo Bwana alicheka. Mashua yake, alisema, haikuwa ya mti. Fundi naye hakubishana. Aliurudisha ubao mahali pake na kufuta mkono. Nitaeleza hapo mbele ni nani aliyekuwa na haki. Lakini ili msomaji aelewe mzee yule aliyajuaje mambo ambayo mwenye mashua hakuyajua, yatupasa kwanza turudi nyuma karne nyingi.

Vyombo vya kale vya mwambao wetu havikupigiliwa misumari, vilishonwa. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kielezacho safari za Bahari ya Hindi, kinautaja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo lilitokana na mashua zake za kushonwa. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu ya ushonaji huo. Bahari hizi, alisema, zina miamba mingi. Chombo cha misumari kikigonga mwamba hupasuka, bali kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi hulegea kidogo kisha hujirudi. Wapo waliozua kwamba chini ya bahari kuna miamba ya sumaku iwezayo kuing'oa misumari yote. Procopius, mwandishi wa historia wa karne ya 6, aliukataa uzushi huo kwa hoja nyepesi: merikebu za Kirumi zilijaa vyuma, nazo zilipita huko zikarudi salama.

Chombo cha kushonwa kilichosifika zaidi kwetu ni mtepe wa visiwa vya Lamu, uliosafiri kwa tanga la mkeka hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mbao zake zilitobolewa kandokando, zikaunganishwa kwa kamba, na kila tundu likazibwa kwa kigingi na nyuzi. Wenye kuusifia mtepe aghalabu husahau kutaja kwamba ulivuja. Ulivuja daima, nao waliouunda walijua hivyo. Maji yaliingia polepole katika mishono, yakashuka ngamani, na baharia mwenye upo mkononi akayafua na kuyamwaga nje, usiku na mchana. Mtu aliyezoea vyombo vya chuma ataona kwamba huo ni ufundi hafifu. Marco Polo aliona hivyo. Vyombo vya kushonwa alivyoviona Hormuz, vilivyopakwa mafuta ya samaki badala ya lami, alivihesabu kuwa vibaya na vya hatari. Mimi naona Ibn Battuta alilifahamu jambo hili vizuri zaidi. Waundaji wa mtepe walichagua maji machache yaingiayo kila saa na kufuliwa, kuliko chombo kigumu ambacho hakiingizi hata tone hadi siku kinapopasuka.

Sisi wa maziwa tusidhani kwamba habari hizi ni za watu wa pwani peke yao. Mitumbwi mikubwa ya Ssese, ambayo Stanley aliikuta ikibeba majeshi ya Kabaka Mutesa mwaka 1875, nayo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na maji yaliyopenya yalifuliwa muda wote wa safari. Watoto wa Ssese na watoto wa Lamu hawakupata kuonana, lakini mababu zao walikata shauri moja juu ya maji.

Misumari ilipoenea mahali pa kamba, ufundi wa kuzuia maji ulibadilika. Jahazi huundwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, na baina ya ubao na ubao hubaki mwanya mwembamba. Mwanya huo hujazwa pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo ndiyo kalafati. Ubao ukinywa maji huvimba na kuibana pamba. Ukikauka hunywea, nayo pamba hufutuka. Hivyo kiungo huwa kama chenye uhai.

Neno kalafati lenyewe limesafiri kuliko mabaharia wengi. Waarabu walo, Waturuki walo, na Waitaliano, Wafaransa, Wahispania na Wareno wote wana neno la sauti hiyo kwa kazi hiyo hiyo, na wataalamu wangali wakishindana ni nani aliyemwazima mwenzake. Lilipata hata kukaa katika kiti cha enzi: mfalme Mikaeli wa Tano, aliyetawala Konstantinopoli kwa miezi michache tu katika miaka ya 1041 na 1042, aliitwa Kalafates kwa kuwa baba yake alikuwa mtia kalafati. Wakubwa wa mji walilitumia jina hilo kwa dharau. Sijui kwa nini fundi azuiaye watu wasizame adharauliwe na watu wasiojua kuogelea.

Juu ya kalafati hupakwa mafuta. Hapa mwalimu na awe macho, kwa maana neno sifa, ambalo wanafunzi wetu hulijua katika sarufi na katika kumsifu mgeni rasmi, ni pia jina la mafuta ya papa yapakwayo mbao za chombo, na harufu yake haina sifa yoyote. Sehemu iliyo chini ya maji hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Wakati wa bamvua chombo husogezwa ufuoni, maji yakatoka, na mabaharia wakaipaka deheni kwa mikono mitupu kabla maji hayajarudi.

Ufundi huo ulifika bara pamoja na misafara. Mwaka 1858, Burton na Speke walipokuwa Ujiji, Speke alivuka Ziwa Tanganyika mpaka kisiwa cha Kasenge kwenda kukodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, akarudi mikono mitupu, nao wakalazimika kwenda Uvira kwa mitumbwi. Na katika ziwa hilo hilo shahamu ilifanya kazi ambayo wenyeji wa Kigoma na Bujumbura huihadithia hata leo. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Ni meli ya chuma, nami nimeitaja kwa ajili ya mafuta yale tu.

Sasa madirisha. Mtepe haukuwa na madirisha, wala dau, wala mashua. Baharia alilala juu ya shehena, na nuru aliipata kwa kukaa nje. Neno dirisha ni la Kiajemi kwa asili, nalo lilikuja kwetu kwa ajili ya nyumba. Shubaka, ambalo kwa Kiarabu ni dirisha, kwetu limezibwa likawa kidaka cha ukutani cha kuwekea taa. Katika vyombo vya bahari yetu madirisha yalionekana katika baghala na ghanja, vyombo vikubwa vya Ghuba na Oman, ambavyo tezi zao ni bapa na zimechongwa nakshi. Ghanja iitwayo Fath al-Khair, iliyoundwa Sur mwaka 1951, imehifadhiwa katika mji huo huo. Wengi husema kwamba tezi hizo ziliigwa kwa merikebu za Wareno, na kufanana kwake kwaonekana hata kwa asiye mtaalamu.

Wazungu ndio waliopenda madirisha mno. Merikebu zao za karne za 16 hadi 18 zilikuwa na safu nzima za vioo nyuma, ambako nahodha alikaa kama mtu aliye sebuleni. Nao walijua hatari yake. Tufani ilipokaribia, seremala alifunga vifuniko vya mbao nene juu ya vioo, na nahodha akakaa gizani kama watu wengine. Karne ya 19 ilileta njia za busara zaidi. Mabonge ya kioo yalipachikwa sitahani, upande wa juu ukiwa bapa na wa chini umechongoka, yakashusha nuru mpaka chini bila ya kufungua njia pana ya maji. Merikebu ya kuvulia nyangumi Charles W. Morgan, iliyoundwa Marekani mwaka 1841 na ambayo ingali ikitunzwa huko Mystic, inayo. Ubavuni yakawekwa madirisha madogo ya duara, ya kioo kinene katika pete ya shaba. Uduara huo si pambo tu. Dirisha la pembe nne hukusanya mkazo wa chombo katika pembe zake, na hapo ndipo ufa hupenda kuanzia.

Nini huwapata watu nuru inapopendwa kupita kiasi? Kisa cha mashua Tzu Hang chatuonyesha. Ilikuwa mashua ya mti, ya futi 46, iliyoundwa Hong Kong mwaka 1938. Februari 1957 Miles Smeeton, mkewe Beryl na rafiki yao John Guzzwell walikuwa wakiielekeza Cape Horn, wakitoka Australia. Wimbi moja liliipindua kichwangomba. Beryl alitupwa baharini. Milingoti yote miwili ilivunjika, na kile kibanda chenye madirisha kilichosimama juu ya sitaha kiling'olewa kizima, pakabaki shimo la futi kama sita kila upande, na maji yamejaa ndani. Walimvuta Beryl akarudi chomboni ingawa ameumia, naye akashika ndoo. Guzzwell, ambaye kwa bahati yao alikuwa seremala hodari, alilifunika shimo kwa mbao na matanga. Walifika Chile baada ya zaidi ya mwezi mmoja. Ndoo ile na mbao zile hazikuwa na jambo ambalo baharia wa mtepe asingelitambua mara moja.

Wakati huo huo ilikuwa imezaliwa mashua ya namna nyingine. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Marekani na Ulaya vilianza kuunda mashua kwa nyuzi za kioo na gundi, kwa kutumia kalibu moja kwa mamia ya vyombo. Triton, mashua ya futi 28 iliyochorwa na Carl Alberg na kuonyeshwa New York mwaka 1959, ilifungua soko kubwa. Watu wa kipato cha kati wakaweza kununua chombo chenye chumba cha kulala. Mashua hizo hazina mbao zilizopangwa, kwa hiyo hazina mianya wala hazihitaji kalafati. Wanunuzi waliambiwa kwamba taabu ya kuvuja imekwisha. Nao wakataka chumba chenye nuru kama nyumbani, madirisha marefu ya pembe nne. Badala ya kioo pakawekwa plastiki angavu, ile iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, nayo ikafungwa katika fremu za aluminiamu, na fremu zikakazwa kwa bolti katika ukuta wa chumba.

Mashua zile bado zipo, kwa kuwa nyuzi za kioo hazifi upesi; madirisha yake ndiyo yaliyozeeka. Plastiki ile, ikiwa na urefu wa mita moja, ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 2. Aluminiamu ya urefu huo huo hurefuka kiasi cha theluthi ya hapo. Basi kila siku jua lichomozapo kioo hutaka kwenda na fremu haitaki, na usiku hunywea tena. Matanga nayo yanapovuta, ukuta wenyewe hujipinda kidogo. Baada ya miaka mingi ya kusukumana namna hiyo, gundi iliyo baina yao, ambayo iliwekwa nyembamba na ikakazwa mno, hukauka na kuachia. Mwanya unaobaki hauonekani kwa jicho, lakini maji huuona.

Tulirudi mashuani siku ya pili, fundi akafungua dirisha la kwanza. Chini ya fremu, katika ukuta ule ambao Bwana aliapa si wa mti, paliwazi ukingo wa kitu cheusi, laini kama ugoro uliolowa. Bwana alinyamaza. Waundaji wa zama zile, ili ukuta na sitaha viwe vigumu bila ya kuwa vizito, aghalabu waliweka mti mwepesi wa balsa katikati ya ngozi mbili za nyuzi za kioo. Walipokata tundu la dirisha waliuacha ukingo wa mti ule bila kinga. Mvua ilikuwa imeingia hapo kwa miaka, ikatembea ndani ya mti, ikatokea mahali pengine, ndiyo sababu silikoni yote ile iliyopakwa palipodondoka haikufaa kitu. Vitanda vilikuwa ndiyo hasara ndogo; mashua yenyewe ilikuwa inaoza.

Kazi ilichukua majuma matatu, nami nilikwenda kila Jumamosi. Fundi alikwangua mti uliooza mpaka akafikia mkavu, shubiri nzima mahali pengine, akaacha jua liingie, kisha akajaza gundi ngumu ya epoksi ukingoni kote, ili hata kama siku moja dirisha litavuja tena maji yasiugusue mti. Silikoni ya zamani ilimsumbua kuliko vyote, kwani mahali ilipopita hakuna gundi nyingine ishikayo. Aliikwangua kwa wembe na kusugua, akaikwangua tena. Plastiki mpya ilipokatwa, Bwana alieleza kwamba matundu yake yawe mapana kuliko bolti, ili ipate nafasi ya kutanuka. Nikamfasiria fundi. "Ndivyo," akasema, wala hakuonyesha kushangaa.

Nililopata kuaibika ni neno moja. Bwana alitaja kwa Kiingereza kile kitu laini cha kutandazwa chini ya fremu, kwa neno ambalo kwa kawaida humaanisha malazi. Nikamwambia fundi kwamba Bwana anasema matandiko yawe mazito.

"Matandiko ya nini, Mwalimu? Si yamekwisha kulowa yote?"

Bwana akaenda kuleta utepe mweusi wa mpira laini unaonata, akampa. Fundi akaufinyanga kwa vidole, akaunusa, uso ukamkunjuka. "Hii deheni," akasema. Tangu hapo sikuhitajika sana. Alilaza utepe ule mnene kuzunguka fremu, akakaza bolti nusu, akaacha. Kesho yake alikaza kidogo, na siku iliyofuata kidogo tena, mpaka utepe ukatokeza kandokando kwa usawa. Bwana alipotaka kuongeza nguvu ili aone fremu imelala kabisa, mzee alimshika mkono kwa upole. Kikikamuliwa chote, alisema, kitabaki chuma juu ya kioo, na kitu kisichotikisika hukatika. Nilipoyafasiri maneno hayo nilimkumbuka Ibn Battuta.

Kujaribu kulifanywa kwa mpira wa maji, kuanzia chini ya dirisha kupanda juu, polepole, kwa kuwa ukianzia juu maji huteremka na hutajua yameingilia wapi. Nilikaa ndani na kitambaa kikavu. Madirisha matano yalikuwa makavu. La sita lilitoa tone moja katika pembe, fundi akalifungua lote upya bila ya kulalamika.

Mvua za Aprili zilipoanza nilimchukua mwanafunzi wangu yule mwenye swali, tukaenda mashuani siku iliyokuwa imenyesha tangu alfajiri. Magodoro yalikuwa makavu. Fundi alikuwapo, amekuja kuaga kabla ya kurudi Lamu. Aliinua ule ubao wa sakafu, akamwonyesha kijana ngama. Palikuwa na maji kidogo, kiasi cha bakuli, yaliyopenya mahali ekseli ya rafadha inapotokea nje. Kijana aliinama akayanusa, kisha akauliza kwa nini hayo nayo hayakuzibwa.

"Hayo ni yake," mzee akasema. "Lete upo."

Hapakuwa na upo. Tulimpa kikombe cha chai.